Msimu Dolphine Aliobaki Ndhiwa

Dolphine alikuwa kipa wa timu ya wanawake ya ligi kuu mjini Migori. Mwaka ule wa korona, ligi iliporuhusiwa kurudi, alimpigia kocha wake simu akamwambia kwamba msimu huo hatacheza. Nyumbani Ndhiwa aliishi na baba yake, Mzee Bichage, muuza vitunguu mwenye kisukari na kifua kibovu. Kocha akasema, "Sawa. Kaa na mzee."

Aliyekasirika ni mzee mwenyewe.

"Unataka watu waseme mimi ndiye niliyekumalizia mpira?"

"Baba, nikisafiri na timu kila wiki nitakuletea ugonjwa."

"Mimi nitakufa tu na kitu kingine."

"Basi usife na kitu nilichokuletea mimi."

Kwa siku kadhaa kila mmoja alikula kivyake. Jumamosi timu ikacheza bila yeye, ikafungwa mabao matatu. Dolphine alizima redio, akatoka nje kuosha vyombo huku machozi yakimlengalenga. Mzee akamfuata, mpira wa kuazima kwa jirani mkononi.

"Simama pale kwa kamba ya nguo," akasema. "Mikono isisahau kazi."

Akarusha. Mpira haukufika hata nusu ya njia, lakini Dolphine aliurukia vivyo hivyo, akaanguka kwenye tope. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo ikawa kazi yao ya kila jioni. Msimu uliofuata, wote wawili wakiwa wamechanjwa, Dolphine alirudi golini. Mzee alibaki akilalamika kwa majirani kwamba jioni zimekuwa ndefu.