Uyoga wa Mahameni

Juzi upepo wa mvua uliezua bati la jiko langu hapa Makanyagio, na nilipoingia asubuhi nikapokelewa na harufu ya masizi yaliyolowa. Wengine harufu hiyo huwakera. Mimi nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka jirani akadhani nalilia bati.

Ilikuwa miaka ya sabini, tulipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa huko kwetu Mpimbwe. Nyumba mpya zilijipanga kando ya barabara, zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya ulimwitikia ukiwa kitandani kwako. Ndani tulikuwa tisa: baba, mama, watoto watano, bibi mzaa baba, na shangazi, dada yake baba, aliyeachika akarudi nyumbani na maneno mengi. Kazi yetu sote ilikuwa kumwita mama. Maji, uji, dawa ya bibi, shati la baba, kila kitu kilianza kwa kumwita yeye.

Mvua zilipochanganya, mama akawa anakwenda porini kutafuta uyoga. Alitoka mchana baada ya palizi, akarudi jioni na uyoga usiojaza hata bakuli, lakini uso umekunjuka. Nilikuwa na miaka tisa na udadisi uliopita kiasi. Siku moja nikamfuata.

Hakutafuta kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi mahameni, kwenye nyumba yetu ya zamani tuliyoihama, ambayo tayari ilishabomoka upande mmoja. Jiko lilikuwa bado na paa, ila lilivuja, na masizi ya miaka yote aliyopika mle yalikuwa yamelowa yananuka. Mama alikaa kizingitini, amenyoosha miguu, kilemba pajani, mikono mitupu. Sikuwahi kuona mikono ya mama ikiwa mitupu. Alikuwa anaimba kwa Kipimbwe, taratibu, wimbo wa kupalilia.

Aliponiona hakufoka. Alisogea kidogo, nikakaa.

"Huku kichwa kinapoa, Skola," alisema. "Kule nyie mnaniita kutwa. Huku hakuna anayeniita." Kisha akanishika kidevu. "Usimwambie mtu."

Kwa wiki kadhaa tukawa tunakwenda wote. Alinisuka pale kizingitini, akanisimulia vituko vya utoto wake, na yule mama wa haraka haraka wa nyumbani akageuka mtu wa kucheka hadi machozi. Nilijiona nimechaguliwa, na kwa kweli nilivimba kichwa.

Halafu mdogo wangu akashikwa na homa. Mama alihangaika naye tangu alfajiri, na homa iliposhuka mchana akanikabidhi mtoto, akachukua kikapu. "Leo niache peke yangu," alisema. Nilinuna. Mtoto alilia, akanikojolea gauni. Shangazi akaja kukaa karibu yangu na ungo wake wa mchele.

"Hivi mama yako, uyoga gani huo wa kumweka porini mpaka jioni?" aliuliza. "Au kuna mtu anamchumia?"

Nikamjibu, "Hachumi uyoga. Anakaa tu mahameni."

Miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilitaka kumsafisha mama na lile neno baya la shangazi. Si kweli. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka asirudi tena na ule uso uliokunjuka, kwa sababu siku ile aliupata bila mimi.

Kabla jua halijazama baba alishaambiwa. Hakugomba, baba hakuwa mtu wa kelele. Kesho yake alikwenda mahameni na shoka na baiskeli, akabomoa lile jiko na kizingiti chake, akarudi na miti imefungwa nyuma ya baiskeli.

"Miti mizuri inaoza bure," alimwambia mama. "Nitajengea banda la kuku."

Mpaka leo sijui kama alimkomoa au alidhani anafanya la maana. Mama aliitikia, "Sawa." Jioni ile aliniwekea mboga nyingi kuliko wenzangu wote, na hakuniuliza kitu. Uyoga hakwenda kuutafuta tena. Akawa anajifunga kitambaa kichwani, amekikaza, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, nasi tukaendelea kumwita.

Nilimwomba radhi nikiwa nimeshaolewa, alipokuja kunisaidia baada ya uzazi wangu wa tatu. Siku hiyo nilikuwa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya magunia ya mahindi ili tu nisisikie mtu akiniita. Nilipofungua nilimkuta mama amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anawafukuza wanangu wakubwa: "Mwacheni mama yenu."

"Mama," nikamwambia, "ni mimi niliyemwambia shangazi."

"Nilijua. Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenidanganya. Pa kukaa nilishapakosa. Ningekukosa na wewe." Akanisukuma taratibu nirudi ndani. "Kaa kidogo, nitawazuia."

Nikakaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsimamia mama mlangoni hivyo, na kwamba mtu pekee ambaye yeye aliwahi kumwomba amlindie mlango ni mimi, siku ile aliponiambia nisimwambie mtu.