Lori Lenye Breki za Upepo

Kazi ya kuvuta boti niliingia bila kuitafuta. Jirani yetu hapa Nyamasaria, pembeni mwa mji wa Kisumu, ni fundi wa boti, na karakana yake iko kando ya barabara ya Nairobi, mahali ambapo ziwa huwezi kuliona hata ukipanda juu ya paa. Wageni humuuliza kwa nini anaunda boti mbali hivyo na maji. Yeye huwajibu kwamba mbao huja kwa barabara, na wateja pia. Miaka sita iliyopita mtu aliyekuwa akimvutia boti zake alihama mji, na fundi akaja kwangu na kofia mkononi. Wakati huo nilikuwa nabeba nyanya na vitunguu kwa pikapu kutoka soko la Pap Onditi. Nilimwambia sijawahi kuvuta kitu chochote. Akasema hata boti yenyewe ni mpya, haijawahi kuvutwa, kwa hivyo tutajifunza pamoja.

Tulijifunza. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea trela refu la magurudumu manne, na mume wangu akawa msaidizi. Mume wangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Kila mtu humwita Mwalimu, nami humwita hivyo hivyo, hata tukiwa wawili tu mezani. Alikuja kazini na filimbi aliyokuwa akiitumia shuleni siku za michezo. Nikirudisha trela nyuma kuelekea majini, yeye husimama pembeni akipuliza: mara moja maana yake endelea, mara mbili simama, mara tatu umeharibu. Katika mwaka wa kwanza nilizisikia zile tatu mara nyingi sana.

Boti za kuvulia samaki pikapu iliziweza. Lakini watu wakaanza kuagiza kubwa zaidi, za kubeba abiria na mizigo, zenye mabenchi na paa la turubai. Nikizivuta hizo, sehemu ya mbele ya pikapu ilikuwa inainuka kidogo, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama wa gari la kuchezea. Nilikuwa nikiendesha nimeinama mbele kabisa, kana kwamba uzito wangu ungesaidia. Mwalimu naye alikuwa akiinama. Tuliopishana nao barabarani lazima walidhani tunatafuta kitu kilichoanguka.

Siku pikapu ilipofikia mwisho wake, tulikuwa ufukweni upande wa Nyakach, saa nne asubuhi. Nilirudisha trela vizuri, filimbi ikapigwa mara moja, mara moja, mara moja, halafu mara mbili. Nikakanyaga breki. Pikapu ilisimama kidogo, kisha ikaanza kuteleza. Matope chini yalikuwa laini, na boti iliyokuwa nyuma ilikuwa imeshaamua kwenda. Niliona ufuo ukinipita dirishani taratibu. Filimbi ikapigwa mara tatu, halafu bila hesabu. Maji yakaingia kwa mlango, yakapanda mpaka kwenye kiti, na viatu nilivyokuwa nimevivua vikaelea na kuanza kuzunguka miguuni pangu. Pikapu ikatua juu ya mchanga na kutulia, maji yakiwa yamefika dirishani.

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha. Watu kama arobaini waliingia majini na kamba, wakavuta wakiimba, na mimi ndani nimekumbatia usukani nacheka mpaka mbavu zinauma. Boti yenyewe ilikuwa imejitoa kwenye trela ikielea kwa utulivu, haina hata mkwaruzo. Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni, ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Yeye hakucheka. Tulipokuwa tukikausha viti juani aliniambia, "Hii gari imekwambia ukweli wake. Ama utafute kubwa, ama turudi kwa nyanya."

Nilijua kwamba anataka turudi kwa nyanya. Lakini alikuwa amenipa mambo mawili nichague, na mtu aliyefundisha miaka thelathini hawezi kufuta swali ubaoni mtoto akishaanza kulijibu. Kesho yake nilianza kutafuta lori.

Kabla ya lori kulikuwa na leseni, kwa sababu yangu ilikuwa ya magari madogo tu. Nilijiandikisha kwenye shule ya udereva mjini, mwanafunzi wa miaka hamsini na tatu kati ya vijana wa umri wa wanangu. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye heshima aliyeniita Mathe, kama vijana wanavyowaita mama zao, na siku ya kwanza alizungumza nami polepole sana, akinionyesha usukani ni upi. Niliitikia tu. Ilipofika siku ya kurudisha trela nyuma kati ya mapipa mawili, vijana waliangusha mapipa mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilipofika nililiingiza trela katikati mara moja, nikazima injini. Mkufunzi alitembea mpaka dirishani, akauliza nimejifunza wapi. Nilimwambia kwa ziwa. Kuanzia hapo, kila alipokuwa na mwanafunzi wa kumshinda, alimleta kwangu.

Lori nililipata kwenye yadi njiani kuelekea uwanja wa ndege. Lilikuwa limetumika, la kijani kibichi, na magurudumu yake ya nyuma yalikuwa mawili mawili kila upande. Chini ya sakafu kulikuwa na chuma cha kuvutia trela, kinene kama paja la mtu mzima. Fundi wa boti, ambaye nilimchukua anishauri, alilala chini yake na koti lake safi na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema kitu kimoja tu, kwamba chini ya hili lori angeweza kujenga nyumba. Niliuza pikapu, nikaongeza akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya jiko jipya, na nikaendelea kupika kwenye jiko la zamani kwa furaha ambayo sijawahi kupika nayo.

Kitu kilichoniteka zaidi ni breki. Zilikuwa breki za upepo. Ukisimamisha lori na kuvuta kile kifimbo cha kuliegesha, linatoa pumzi ndefu, psshhh, kama mtu mnene anayeketi baada ya safari. Siku ya kulileta nyumbani nilisimama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilisimama kununua njugu, na sikuwa na hamu ya njugu. Nilisimama kumsalimia mwanamke niliyedhani namjua, kumbe simjui, na tukaongea hata hivyo.

Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisahau urefu wa lori. Nilipoingia kwenye kijia chetu niliwaona watoto wakipiga kelele na kunionyesha juu, nami nikawapungia mkono. Niliposimama mbele ya lango na kushuka, nilikuta kioo cha pembeni kimevaa sweta ya shule, na nyuma yake inaburutwa kamba nzima ya nguo, ikiwa na shuka mbili, blanketi na suruali za mpangaji wa nyumba ya tatu. Mwenye nguo alikuja mbio. Nilianza kuomba msamaha, lakini yeye alikuwa akiangalia lori. Aliuliza kama ni letu. Nikasema ni letu. Akazikusanya suruali zake polepole, akisema nguo zitafuliwa tena, hilo si jambo. Halafu tukagundua kwamba lango letu ni jembamba. Mwalimu alipima kwa hatua zake, akapima tena kwa futi, akatangaza kwamba lori haliingii. Lililala karakana kwa fundi mpaka tulipobomoa nguzo moja ya lango. Kwa siku nne niliamka mapema na kwenda kulitazama kabla ya kunywa chai.

Jumapili baada ya kanisa nililipeleka mtaa wa Kaloleni. Mimi ni mtoto wa huko. Baba yangu alitoka Vihiga kuja kutafuta kazi Kisumu, na mama yangu, aliyepita miaka themanini, bado anaishi katika nyumba ile ile nilimozaliwa. Alitoka na fimbo yake, akalizunguka lori lote, akigonga kila gurudumu kwa fimbo.

"Hili lote ni lako?" aliuliza.

"Langu, Mama."

"Basi nipandishe."

Ilichukua majirani watatu na kigoda kimoja kumfikisha kwenye kiti. Alipokwisha kukaa alifunga mshipi wa kiti, akaweka fimbo katikati ya magoti, akakataa kushuka. Tulizunguka mtaa mara mbili. Kila alipoona mtu wa rika lake mlangoni aliniambia nisimame, si kwa sababu alitaka kusalimia bali ili breki zitoe pumzi. Wazee wale walishtuka mmoja mmoja, naye akawa anatazama mbele kwa utulivu mkubwa.

Kazi ya kwanza ya lori ilikuwa boti kubwa kuliko zote alizowahi kuunda fundi. Mwenye kuiagiza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Nyakach, aliyetaka kuvusha abiria na magunia ya nafaka. Tulifunga vitambaa vyekundu kila upande, Mwalimu akaning'iniza filimbi shingoni, tukaondoka asubuhi jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikanyaga mafuta kama nilivyozoea kukanyaga na pikapu, na lori likaruka mbele kiasi kwamba Mwalimu alishika kofia. Halikuwa likihisi kitu. Nilitazama kioo mara kadhaa kuhakikisha boti bado iko nyuma. Ilikuwepo, imekaa juu ya trela kama malkia, ikipita mashamba ya mpunga.

Baada ya Ahero niligundua kwamba nimeegemea kiti. Mgongo wangu wote uligusa kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea nikivuta boti. Nilimtazama Mwalimu, naye pia alikuwa ameegemea. Tuliangaliana, tukaanza kucheka kama watoto waliotoroka shule, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao.

Pap Onditi ilikuwa siku ya soko. Wanawake niliokuwa nikinunua nyanya kwao walinitambua kule juu, wakaacha vibanda vyao na kuja barabarani. Mmoja aliuliza kwa sauti kama nimeacha vitunguu ili niwe nahodha. Nilipunguza mwendo, kwa sababu ya watu, lakini pia kwa sababu nilitaka kuonekana. Mwalimu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amenionya nisijionyeshe, aliteremsha kioo chake na kuanza kuwapungia watu wa upande wa kushoto. Kisha akainama mbele yangu na kuwapungia wa kulia. Nilimwomba asinizibe barabara.

Ufukweni watu walikuwa wameshakusanyika, na kamba tayari mikononi, kwani kisa cha pikapu hakuna asiyekijua huko. Niligeuza lori, nikalirudisha trela taratibu. Filimbi ilipigwa mara moja, mara moja, mara moja. Magurudumu yakaingia kwenye matope yale yale. Filimbi ikapigwa mara mbili, nikavuta kifimbo, lori likatoa pumzi yake na kusimama kama mti uliopandwa. Nilingoja nione kama ufuo utanipita dirishani. Haukusogea hata kidogo. Boti iliteleza kutoka kwenye trela, ikagusa maji, ikainuka. Watu walipiga makofi, kisha wakabaki wameshika kamba zao wasijue wazifanyie nini.

Nilipokuwa nikifungua minyororo, mwenye boti alinijia huku amefunga leso kiunoni. Alitaka kujua nimeleta boti ngapi ziwani.

"Sijahesabu, Mama. Ni nyingi."

"Na umepanda ngapi?"

Nilifikiri. Nilishangaa mwenyewe kwa jibu. Nilikuwa nimezileta boti ufukweni kwa miaka sita, na kila mara nilikunja minyororo na kurudi nyumbani. "Hata moja," nilimwambia.

Akanishika mkono na kuniongoza majini. Nilivua viatu nikamwachia Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa ameshavua vyake pia na kukunja suruali mpaka magotini. Tulipanda wote, na wanawake kama kumi wa ufukweni, na fundi, aliyekuwa ametufuata kwa pikipiki na ambaye alitaka kuona kama kazi yake inavuja. Alitambaa sakafuni akipapasa maungio ya mbao kwa kiganja huku sisi tukiruka juu ya miguu yake. Haikuvuja.

Mwenye boti alipowasha injini, pua ya boti iliinuka na mimi nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Mawimbi yalikuwa madogo, lakini kila moja lilinirusha kidogo kutoka kwenye benchi. Maji yalitupiga usoni. Wanawake walianza wimbo wa Kijaluo nisioujua maneno yake, nikaitikia hata hivyo, kwa kuimba vibaya na kwa nguvu. Mwalimu alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili, kofia yake imepotea, nywele zake za mvi zimesimama, na midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia kwa kelele za injini. Niliinama karibu.

"Nasema mwambie azunguke tena," alisema.

Nikamwambia mwenye boti. Tukazunguka tena, na nilipotazama nchi kavu niliona lori langu la kijani, dogo kama kiberiti, na watoto wamelizunguka pande zote.