Sindano ya Mpishi

Mwaka ule tulikuwa wapishi wasiopika. Kantini ya kiwanda ilikuwa na majiko makubwa na sufuria za kulisha zamu nzima, ila unga haukuwepo. Wakubwa walisema uko njiani, ukakaa huko njiani mpaka nikachoka kuuliza. Hata hivyo kila asubuhi tulivaa mablauzi meupe ya kazi, tukawasha moto, tukachemsha maji. Wafanyakazi walikuja wakanywa maji ya moto, wakashukuru, wakarudi kwenye mashine ambazo nazo zilikuwa zimesimama.

Mshahara ulikuwa umegeuka hadithi. Kilichotushika ni nyumba. Nyumba za kambi zilikuwa za kampuni, na aliyefutwa kazi alitoka na vitanda vyake. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na katika vile vyumba viwili nilikuwa nalala na mama yangu mzee na wanangu. Hatukuwa na kwingine pa kuishi mjini Likasi.

Basi homa ya matumbo ikaingia kambini, na kampuni ikatangaza kwamba kila mpishi lazima achanjwe, asije akaambukiza walaji. Walaji gani? Nilicheka nilipolisikia tangazo hilo, kisha nikaona hata kicheko kinachosha. Lakini chanjo yenyewe niliitaka, wala sitaki mtu aseme vingine. Binti wa jirani yangu alikuwa amezikwa kwa homa hiyo hiyo.

Niliogopa sindano. Ilikuwa moja kwa sisi sote, ikipanguswa tu kwa pamba kutoka mkono hadi mkono. Sida, yaani ukimwi, ilikuwa inamaliza watu mjini, na hakuna asiyejua jinsi inavyopita kwa damu. Miaka ile ukienda hospitali Likasi ulibeba kila kitu mwenyewe: sindano mpya kutoka sokoni, pamba, glavu, hata mshumaa. Ukienda mikono mitupu ulirudi na ugonjwa wako.

Siku ya chanjo tulipanga mstari pale pale kantini, mbele ya muuguzi wa zahanati ya kampuni. Nilimwambia mkuu wa wafanyakazi kwamba maji yanachemka tangu asubuhi, muuguzi atumbukize sindano humo kila baada ya mtu. Akanijibu kuwa zahanati ina taratibu zake na haifanyi kazi na masufuria. Halafu akasema yeye ndiye atakayeanza, awe mfano kwetu. Akakunja shati, akafungua mkoba wake, akatoa sindano mpya kabisa, bado imo ndani ya karatasi yake.

Muuguzi aliipokea bila kumtazama usoni.  Nilisikia hasira ikinipanda hadi masikioni.

"Na sisi, shefu?" nikauliza.

"Hii iko yangu, mama. Nilikuya nayo ku nyumba."

"Basi minye vile vile nitaleta yangu."

"Weye unakatala vaccin?"

"Minye shikatale dawa. Nakatala ile sindano. Mukono iko wangu."

"Leo ni mwisho," akasema, akishusha mkono wa shati baada ya kuchomwa. "Ule hatapigwa sindano leo, kesho hataingia hapa. Na nyumba atairudisha."

Wenzangu walitazama chini. Mmoja akanyoosha mkono, na mwingine nyuma yake. Siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watoto wake, na mwenye nguvu mpishe.

Mimi nilitoka kwenda sokoni. Tangu nianze kazi pale, sisi wapishi tulikuwa na ruhusa yetu: kabla ya adhuhuri mmoja wetu hutoka kununua mboga, na mlinzi hufungua lango bila kuuliza karatasi. Hata baada ya mboga kwisha, hakuna aliyetuambia kuwa ruhusa nayo imekwisha. Mlinzi aliniona na blauzi yangu nyeupe, akafungua kama kawaida.

"Mama, unaenda ku soko?"

"Njo, papa," nikaitika.

"Haya, usikawie."

Sokoni nilivua kitenge cha juu, kati ya viwili nilivyojifunga, nikabadilishana na muuza dawa. Alinipa sindano moja, nikaitia ndani ya blauzi, nikarudi mbio huku jasho likinitiririka. Nilijisikia mjanja, na mwenye furaha kidogo, jambo ambalo halikuwa limenipata kwa muda mrefu.

Mlinzi hakufungua. Alikuwa ameshika vyuma vya lango kwa mikono yote miwili, uso wake umebadilika.

"Mama, balisema usiingie tena. Uliacha kazi."

"Minye niliacha kazi? Si weye ulinifungulia?"

"Njo vile banasema. Abandon de poste. Balisema ku kantini hakuna mboga ya kununua, basi ulienda kutafuta nini inje?"

 Juu ya chanjo hawakusema neno hata moja. Walikuwa wamepata kosa safi, la kazini, lisilohusu mkono wa mtu wala damu yake. Nilikaa chini nje ya ukuta nikiwaza nitamwambia mama yangu nini. Alikuwa ameshahama mara nyingi mno maishani mwake.

King'ora cha kutoka kilipolia, muuguzi alipita na kisanduku chake. Aliniona, akasimama, akachuchumaa mbele yangu. Akasema dozi yangu imebaki, na kesho haitafaa tena. Nikamtolea sindano. Akaifungua, akavuta dawa, akafanya kila kitu polepole na vizuri, pale kwenye vumbi, watu wakitupita.

"Mukono gani, mama?"

"Chagula weye, munganga," nikamwambia. "Sasa yote mbili iko yangu."