Kamera Isiyosikika

Kazi ya kwanza niliyoifanya na kamera yangu mpya ilikuwa shughuli ya hina ya wanawake, huko Msambweni. Ile ya zamani ilikuwa nzito, mkanda wake ukinichuna shingo, na kila picha ililia kacha! Hii ilinienea kiganjani. Haina kile kioo cha ndani cha kupiga kelele, na nikizima sauti haisikiki kabisa. Mapazia yalikuwa yametia chumba giza, lakini nilipochungulia ndani ya kamera niliiona hina mikononi mwa bi harusi vizuri kuliko kwa macho yangu. Nilifurahi, nikapiga na kupiga.

Wanawake walikuwa wamevua mabuibui. Simu zao zimewekwa kwenye beseni mlangoni, maana hapakutakiwa picha ila za bi harusi.

Ghafla shangazi yake bi harusi akainua mkono. Ngoma ikanyamaza.

"Mwanangu, mbona hiyo haisikiki? Tutajuaje umempiga nani?"

Mmoja akavuta mtandio kichwani, kisha wa pili, kisha chumba kizima.

"Nimempiga bi harusi peke yake, shangazi."

"Apa."

Sikuweza kuapa. Nilikuwa nimepiga upesi mno.

"Natutazame pamoja," nikasema.

Tukaketi mkekani, yeye begani kwangu, wengine wamesimama nyuma yetu. Mikono. Miguu. Uso wa bi harusi. Alama ya chaji ikawa nyekundu. Sikujua kwamba kamera hii inakula chaji namna ile. Ikizima sasa, watasema nimeficha.

Picha iliyofuata ilikuwa na mwanamke nyuma ya bi harusi, kichwa wazi, mabega wazi, anacheka. Nikageuka. Alikuwa papo hapo nyuma yangu, na sasa hakuwa akicheka.

"Mume wangu akiiona hiyo," alisema polepole, "nitamwambia nini?"

"Hataiona, dada."

Nikaifuta mbele yake. Nikafuta na nyingine. Nilipofika kwenye ya tatu, kamera ikazima.

"Imekuwaje?" shangazi akauliza.

"Chaji imekwisha."

Nikafungua kifuniko, nikachomoa kadi ya picha, nikamtia shangazi mkononi. Akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Nitaziangalia na mamake bi harusi. Zinazofaa utazipata."

Nikatia betri nyingine na kadi nyingine, nikawasha sauti. Kacha! Ngoma ikaanza tena, lakini hakuna aliyevua mtandio hadi nilipoondoka, na bi harusi alibaki amefunikwa uso.

Ijumaa kadi ikaletwa nyumbani kwangu Ukunda. Ilikuwa na picha za mikono na miguu tu, nikamtumia bi harusi. Jioni bi harusi akanipigia simu.

"Dada, uso wangu umekwenda wapi?"

"Muulize shangazi yako," nikamwambia.

"Basi," akasema, "acha tu."