Siku Majoho ya Kwaya Yalipopasuka Mbele ya Askofu

Leo nacheka, lakini kwa miezi mingi nilikuwa napitia njia ya nyuma nikienda soko la Angurai nisikutane na mwanakwaya yeyote, maana aibu niliyowapaka wale watu, wacha tu.

Nilikuwa kidato cha sita ng'ambo ya Malaba, upande wa Uganda, kwa sababu huku kwetu Kenya A-level iliondolewa zamani na mama alikuwa ameamua mimi lazima niwe daktari. Basi nikija likizo kijiji kizima kinaniita daktari, mtu akikohoa ananiuliza dawa (mimi ambaye kichwa kikiniuma nauliza kwa duka kama wengine), na badala ya kukataa, naitika kwa madaha.

Wiki ambayo askofu alikuwa anakuja, paa la stoo ya kanisa likavuja juu ya sanduku la chuma la majoho. Yalikuwa meupe, yakatoka na madoa ya kutu. Mama Asere, mwenyekiti wa kwaya, akaja kwetu karibu kulia.

“Daktari, kwani hiyo kemia yenu haina kitu ya kutoa kutu?”

“Hiyo ni kitu ndogo, mama,” nikasema.

Asidi hutoa kutu, hapo sikudanganya. Nikaenda Malaba kwa fundi wa betri za lori, nikanunua asidi, nikaichanganya na maji mengi kwenye beseni za plastiki, nikatumbukiza majoho yote, na haki ya Mungu madoa yakaisha wamama wakitazama. Sasa ilibaki kuyasuuza vizuri, halafu kuyatia magadi ya kuua asidi iliyobaki. Lakini foleni kwenye kisima ilikuwa ndefu, jua linachoma, na sifa zilishanipanda kichwani, nikasuuza mara moja nikaanika. Jumamosi mama, naye ni mwanakwaya, akayapiga pasi ya makaa. Yaling'aa!

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mimi nimeketishwa mbele, niombewe kabla ya mtihani wa mwisho. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, ukapita salama. Wa pili ni ule wa kuinua mikono. Wakainua. Nikasikia kitu kama karatasi inachanwa, na mkono mzima wa joho la Mama Asere ukadondoka sakafuni, na yeye anaendelea kuimba (huyo mama haachi wimbo hata nyumba ikiungua). Kila aliyejigeuza, nguo ikaachana. Mzee Okitoi, mwalimu wa kwaya, ambaye kila Jumapili hutuonya tusipokee vitu vya wanasiasa, alikuwa ametugeuzia mgongo akiongoza wimbo. Joho lake likapasuka kutoka shingo hadi kiuno, na ndani ni fulana ya kampeni, mpya kabisa, picha ya mheshimiwa mgongoni inatuchekea.

Kanisa likalipuka kwa kicheko.

Askofu akainua mkono. “Hizi nguo zimefanywa nini?”

Wote wakanitazama, hata mama, aliyekuwa amejikumbatia ili joho lisimwishie mwilini.

“Nilizitoa kutu na asidi ya betri, Baba Askofu.”

“Ya betri?”

“Ya lori.”

Akajifunika uso na kitabu cha sala, mabega yanatetemeka, nikadhani nimemliza. Alipoweza kusema akasema, “Tumwombee huyu msichana. Na tumwombee zaidi mwalimu wake wa kemia.”

Jioni, tukiwa tunashona yaliyopasuka, mama akaniambia:

“Mwanangu, hiyo mambo ya udaktari achana nayo.”

“Mama, ni nguo tu.”

“Ndio nasema. Nguo tutashona. Mtu je?”

Udaktari nikauacha. Mtihani nilipita, kemia vizuri sana, na leo natibu maji ya visima huko Budalang'i mafuriko yakishapungua. Na nimeapa: kisima nikishakitia dawa na kukipima, glasi ya kwanza nakunywa mimi, wenye kisima wakinitazama.