Walichangia dawa ya mke wangu, kisha wakaja kugawana vidonge

(Barua hii imetufikia kwa posta kutoka upande wa Tabora. Jina la mwandishi na la kijiji chake tumeyaficha kama alivyoomba.)

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, mkulima wa karanga na mwenye mizinga michache ya nyuki. Nina mke mmoja na watoto watatu. Kijiji chetu kiko kwenye ile njia ya zamani ya misafara, na kutoka kwetu hadi Tabora mjini ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nina ndugu ambao sitaki hata kuwatazama.

Mke wangu ana kifafa. Kilimwanza baada ya mtoto wa pili, na masika yaliyopita kilimwangusha jikoni, mkono ukaingia motoni. Nikampeleka hospitali. Daktari akamwandikia karatasi ya dawa, akasema ameze kidonge kimoja kila jioni, asikose hata siku moja, na huenda akameza kwa miaka mingi. Hospitali yenyewe haikuwa na dawa hiyo. Ilikuwa katika duka moja la dawa mjini. Mwenye duka alinitajia bei huku ananitazama miguu, akaona sina viatu, akairudisha chupa rafuni kabla sijajibu.

Nikaenda kwa baba mkubwa, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Kaa."

Akawaita ndugu wote. Kila nyumba ikatoa ilichonacho, huyu nta, yule asali, shangazi yangu akaleta karanga. Tukaviuza mjini, nikanunua chupa kubwa. Niliporudi nayo walipiga vigelegele, na mimi mjinga nikalia kwa furaha. Mke wangu akaanza kumeza, na mwezi mzima hakuanguka.

Basi baba mkubwa akaja na wenzake. "Mwanangu, mkeo amepona. Sasa tugawane iliyobaki."

Nikamwambia, "Baba, daktari amesema ni dawa ya miaka mingi."

"Daktari alichanga nini? Tuliochanga ni sisi. Ng'ombe akichinjwa, kila aliyetoa anaondoka na fungu lake."

Hebu fikirini. Hawa ni watu wasiokula sahani moja na mke wangu. Kata yake ya maji wameitenga, akipita wanawavuta watoto wao, eti atawaambukiza. Lakini siku hiyo mikono yao iliingia ndani ya chupa yake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeogopa kitu. Mimi nilikaa kimya. Nitaeleza kwa nini.

Baba mkubwa alimeza viwili kwa ajili ya goti, akaenda kulinda shamba, akalala fofofo mpaka nyani wakamaliza karanga zake. Shangazi alimeza chake kabla ya kwenda kanisani. Akakoroma mahubiri yote, akatoka akisema dawa hiyo imempa amani ya Bwana. Mdogo wangu alivisaga vyake akachanganya na ugoro, na sasa anajisifu kwamba ananusa ugoro wa hospitali. Hao ndio wenye akili wa ukoo wetu.

Mke wangu alipoona dawa imebaki kidogo chini ya chupa, akaanza kukata kidonge nusu bila kuniambia, ili vifike mbali. Kifafa kikamwangusha tena, pale kisimani. Wanawake waliokuwepo walimvuta kwa nguo, maana hakuna aliyetaka kumgusa.

Nikarudi hospitali. Karani akaniambia iko njia. Naweza kupewa dawa kila mwezi bila malipo, ila nilete cheti cha baraza kwamba sina ndugu wa kunisaidia. Cheti hicho anakitoa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, baada ya mtu kusimama mbele ya watu wote na kusema mwenyewe, "Sina ndugu." Sikilizeni nilivyofurahi. Nilijizoeza maneno hayo nikiwa shambani, nikiwaza sura ya baba mkubwa atakapoyasikia.

Mke wangu hakufurahi. Aliniuliza, "Ukishasema hivyo, siku nikifa atanichimbia kaburi nani?"

Juzi akaja binamu yangu. Yeye ndiye aliyetoa nta nyingi kuliko wote. Alikuwa na vidonge vyake kwenye kitambaa, vyote, hajameza hata kimoja. Akasema, "Vya shemeji hivi," akaondoka bila kunywa hata maji.

Sasa niseme kwa nini nilikaa kimya. Mwaka juzi ukoo ulichanga kumnunulia binamu huyu baiskeli ya kumpeleka binti yake misheni kufungwa kidonda cha mguu. Mimi nilitoa debe moja la karanga, nikadai zamu ya kuipanda, maana nami nilichanga. Zamu yangu niliitumia kwendea pombe. Siku moja homa ilimpanda yule binti, na baiskeli ilikuwa imeegeshwa kilabuni, mimi nimo ndani nacheka. Binamu alimbeba mgongoni mpaka misheni. Mguu ulikatwa. Hajawahi kuniuliza neno.

Vidonge nilivyonavyo, pamoja na vile alivyorudisha, vinafika mpaka siku ya baraza, mwisho wa mwezi ujao. Jioni yake chupa itakuwa tupu. Binamu yangu huketi mstari wa mbele, na binti yake kando na gongo lake.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nipeni akili. Nitafunguaje mdomo mbele ya wale wawili niseme sina ndugu? Na nisiposema, mke wangu atameza nini jioni ile?