Taya Lililoitwa Mtoto

Kazini walimwita Bi Brashi, maana kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye meza ileile ya makumbusho akisafisha mifupa ya kale. Hakuwa na shahada. Aliingia pale kama mfagiaji, akawa akifagia huku jicho liko kwa mafundi, mpaka siku moja fundi mmoja akamsukumia sindano ya chuma na kumwambia, "Haya, jaribu mwenyewe, macho yako yananichoma mgongo."

Mwaka huo lililetwa bonge la udongo wa pangoni, udongo uliogandamana kwa miaka mingi ukawa mwamba, mifupa imejazana ndani. Upande mmoja kilichungulia kipande cha taya, kifupi na chembamba. Bi Brashi alikitupia jicho akaropoka, "Hiki kama cha mtoto wa binadamu!" Mkuu wa idara, mtu wa pupa, akalidaka neno hilo akaondoka nalo. Wiki tatu baadaye waandishi wa habari wakaalikwa, saa nne kamili asubuhi, waje kumwona mtoto wa kale.

Saa tatu asubuhi hiyo taya lilikuwa limeshatolewa kwenye bonge, lakini meno yalikuwa bado yamefunikwa na mwamba. Bi Brashi alitakiwa kuyasafisha yapendeze kwenye picha. Aliinamia darubini akawa anachokonoa punje kwa punje, pumzi ameibana; sindano ikiteleza tu, jino litaruka vipande vipande. Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mama mkwe wake.

"Mwanangu, tumeshakaa mbele ya televisheni. Nimewaita majirani wote!"

"Mama, nitakupigia."

Akarudi kwenye sindano. Gamba la mwisho likabanduka, na gego likatokeza jeupe. Akainama tena kulitazama.

Gego la binadamu, hata la mtoto, lina vilima vya mviringo. Hili lilikuwa na matuta mawili yaliyolikatiza kutoka upande hadi upande, na bonde katikati. Akavuta droo, akatoa fuvu la tumbili wa siku hizi, akaliweka kando ya lile taya. Matuta yaleyale, ila la pangoni lilikuwa kubwa zaidi. Angeweza kurudishia udongo kidogo na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, si leo.

Akalibeba taya kwenye trei, akagonga mlango wa mkuu.

"Mkuu, huyu si mtoto. Ni kima, jamii ya tumbili."

Mkuu aliacha kufunga tai. "Nani alisema ni mtoto?"

"Mimi. Nilikosea."

"Zimebaki dakika ishirini! Kamera zimeshafungwa ukumbini!" Akazunguka meza mara mbili. "Sikiliza. Tutawaonyesha upande wa mfupa tu. Meno tutayasema baadaye."

"Mimi sitasimama pale nikamwita huyu mtoto."

"Unajua unaweza kumwaga unga leo hii?"

"Najua, mkuu." Akaigeuza trei kuelekea mlangoni. "Lakini njoo uangalie kwanza."

Mkuu alimfuata hadi kwenye darubini akainama. Akaligeuza taya huku na huku chini ya lenzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nipe na hilo fuvu la tumbili."

Ukumbini mkuu alisema kwa kifupi kwamba taya ni la kima wa kale, akakaa. Wapigapicha wawili wakaanza kukunja nyaya zao. Mwandishi mmoja akauliza kwa kejeli, "Na nani aliyewadanganya kuwa ni mtoto?"

Bi Brashi akasimama. "Mimi. Niliona mfupa kabla ya kuona meno." Akainua taya kwa vidole viwili, akawaonyesha yale matuta, na akaeleza mpaka waliokuwa wakikunja nyaya wakasimama kusikiliza.

Mkuu hakumjibu salamu kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akaja mwenyewe akisukuma kitoroli chenye bonge zima. "Vipande vyote vya kima humu ni vyako," alisema bila kumtazama. "Wewe utaandika ni wa aina gani, mimi nitasoma."

Mama mkwe naye, siku ile ya televisheni, aliwaambia majirani kwamba katika watu wote waliokuwa pale ukumbini, mkwewe peke yake ndiye aliyejua anachokisema.